Namna ya Kutafiti na Kuandika Historia ya Barabara Iliyopewa Jina la Mwanasiasa: Mwongozo kwa Wakazi wa Dar es Salaam

Mtu anayetaka kuandika historia ya barabara iliyopewa jina la mwanasiasa kwa kawaida huanza na mwanasiasa. Huandika alizaliwa wapi, alisoma wapi, alishika vyeo gani na alifariki lini, kisha mwishoni kabisa huongeza sentensi moja isemayo kwamba barabara fulani ilipewa jina lake ili kuuenzi mchango wake. Huo ni wasifu wa mtu, na barabara imetajwa tu. Mkazi wa kando ya barabara hiyo hatajua iliitwaje kabla ya hapo, nani alipendekeza ibadilishwe, kikao gani kiliridhia, wala kwa nini jina hilo liliwekwa hapo na halikuwekwa mtaa wa pili.

Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: tuanze na barabara, tuje kwenye uamuzi wa kuibadilisha jina, na mwanasiasa tumfikie baada ya hapo. Nimeuandika nikimfikiria mkazi wa Dar es Salaam, ingawa mkazi wa mji mwingine wa Tanzania Bara anaweza kuufuata kwa kubadilisha majina ya ofisi. Mfano nitakaourudia ni Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote yanayomtatiza mtafiti: jina la awali lenye uhusiano na la sasa, mwanasiasa aliyepanda, akaangushwa, akarudishiwa heshima, na eneo ambalo lenyewe lina historia yake.

Itembee barabara yenyewe

Kabla ya kufungua jalada lolote, itembee barabara yako kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho ukiwa na daftari. Andika inapoanzia na inapoishia, inakata barabara zipi, na kila kibao cha jina unachokiona, ukikinakili kama kilivyoandikwa hata kama unaona kimekosewa. Tofauti za tahajia ni ushahidi. Jina la Bibi Titi utalikuta likiandikwa Mohamed na pengine Mohammed, na daraja la Selander watu wengi hulitamka na kuliandika Salenda. Usipozinakili tofauti hizi mapema, siku utakapotafuta jina katika faharasa ya gazeti la zamani utalikosa huku lipo, limeandikwa kwa herufi nyingine.

Andika pia majina ambayo hayapo kwenye vibao. Makondakta wa daladala hawaiti abiria kwa jina rasmi la barabara. Huita vituo, na jina la kituo huweza kuhifadhi kumbukumbu ya jengo lililobomolewa, kiwanda kilichofungwa au mti uliokatwa. Taasisi nazo hushika majina ya kale. Ocean Road ilipewa jina la Barack Obama mwaka 2013, rais huyo wa Marekani alipoitembelea nchi, lakini hospitali ya saratani iliyopo hapo bado inaitwa Ocean Road, na mgonjwa anayetoka Mbeya au Tabora hutaja jina hilo hilo. Upanga Road iliitwa Ali Hassan Mwinyi, na Upanga ikabaki kuwa jina la eneo. Kwa hiyo ukitaka jina la zamani la barabara, angalia kwanza majina ya shule, zahanati, misikiti, makanisa na maduka yaliyo kando yake.

Katika matembezi hayo jiulize pia barabara inatenganisha nini na nini. Barabara ya Bibi Titi Mohamed inaanzia upande wa Upanga, inaikata Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Uhuru, na inapita ubavuni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, huku Mtaa wa Lumumba ukipita ubavu wa pili. Viwanja hivyo havikuachwa wazi kwa bahati. Wakati wa ukoloni vilikuwa sehemu ya ukanda uliotenganisha katikati ya mji na Kariakoo, yaani makazi ya Waafrika. Barabara inayobeba leo jina la mwanamke mpigania uhuru imepita juu ya mstari ambao watawala waliuchora ili kuwatenga watu wake. Sisemi kwamba waliochagua jina walikuwa na hilo akilini, maana hilo linahitaji ushahidi wake. Ninachosema ni kwamba mwandishi asiyeitembea barabara hatafikia hata kuuliza swali hilo.

Panga majina kwa mfuatano wake

Chora jedwali lenye safu nne: jina, mwaka wa kwanza unapoliona limeandikwa, mwaka wa mwisho unapoliona, na mahali ulipoliona. Jedwali hili ndilo uti wa mgongo wa kazi yako. Mwaka wa kwanza unapoliona jina jipya gazetini si lazima uwe mwaka wa kubadilishwa. Unakuonyesha tu kwamba mabadiliko yalikuwa yamekwishafanyika. Hali kadhalika, mwaka wa mwisho unapoliona jina la zamani haukuambii kwamba lilifutwa mwaka huo, kwa kuwa watu na wafanyabiashara huendelea kulitumia kwa muda mrefu. Ukweli upo katikati ya miaka hiyo miwili, na kazi yako ni kuipunguza nafasi hiyo.

Barabara za katikati ya mji zinaweza kuwa na majina matatu au manne. Barabara ya Samora ilikuwa Unter den Akazien wakati wa Wajerumani, ikawa Acacia Avenue chini ya Waingereza, ikawa Independence Avenue baada ya Uhuru, kisha ikapewa jina la kiongozi wa Msumbiji. Utaona kwamba Mjerumani na Mwingereza waliafikiana kuhusu miti ya mkakaya iliyokuwapo hapo. Mwingereza alitafsiri tu. Kwa upande wa Kariakoo, Kichwele ikawa Mtaa wa Uhuru, na New Street, ilipokuwa ofisi ya TANU, ikawa Mtaa wa Lumumba, kwa heshima ya Patrice Lumumba wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Jina hili limezama mno katika lugha ya siasa za nchi hata mtu akisema kwamba Lumumba wameamua jambo fulani, msikilizaji anaelewa kwamba anayezungumziwa ni Chama Cha Mapinduzi. Pugu Road ikawa Barabara ya Nyerere. Na barabara yetu ya mfano, kabla ya kuitwa Bibi Titi Mohamed, iliitwa Mtaa wa UWT, yaani Umoja wa Wanawake.

Ukishayapanga majina, yatofautishe kwa aina. Kuna majina ya uelekeo, kama Pugu, Bagamoyo, Kilwa na Morogoro, ambayo humwambia msafiri njia inakompeleka. Kuna majina ya vitu vilivyokuwapo, kama ile mikakaya. Kuna majina ya matukio na maadili, kama Uhuru na Jamhuri. Kisha kuna majina ya watu. Jina la mtu linapochukua nafasi ya jina la uelekeo, kuna taarifa inayopotea na kuna heshima inayopatikana, na mwandishi makini huyataja yote mawili. Kwa maoni yangu kuipa Barabara ya Pugu jina la Nyerere kuna maana ya ziada, kwa kuwa Pugu ndiko alikofundisha shuleni kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili afanye kazi ya TANU. Barabara ile ile iliyokwenda shuleni kwake sasa inabeba jina lake. Maana kama hiyo itafute katika barabara yako, lakini usiilazimishe.

Vyanzo vya kujazia jedwali ni vingi kuliko watu wanavyodhani, ila kimoja ambacho wengi hukikimbilia hakisaidii sana. Barua za zamani za familia mara chache hutaja barabara, kwa sababu posta yetu imejengwa juu ya S.L.P., na barua ilikwenda kwenye sanduku, haikwenda mlangoni. Afadhali utafute stakabadhi za maduka, karatasi zenye vichwa vya makampuni, kadi za mialiko ya harusi, hati za nyumba, stakabadhi za kodi ya majengo, na zaidi ya vyote matangazo ya biashara magazetini. Duka lililotangaza kila wiki katika Tanganyika Standard lililazimika kuwaambia wateja lilipo, na siku barabara ilipobadilishwa jina, tangazo nalo lilibadilika, pengine likiandika majina yote mawili kwa miezi michache. Nimejifunza kuyaamini matangazo haya kuliko makala za kumbukumbu, kwa kuwa mwenye duka hakuwa na sababu ya kupamba jambo. Alitaka tu mteja asipotee.

Magazeti hayo yatafute katika Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, na katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Mbali na Standard, tafuta Mambo Leo kwa miaka ya tangu 1923, na Mwafrika, Ngurumo na Uhuru kwa miaka ya kuelekea na baada ya Uhuru. Kuanzia mwaka 1972 utakuta Daily News. Atakayekuwa anaitafiti barabara yetu ya mfano ana bahati: Maktaba Kuu iko juu ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed yenyewe, na machapisho yake ya kale yenye anwani ya UWT ni ushahidi tosha wa kujazia mstari wa kwanza wa jedwali.

Utafute uamuzi

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, na ndipo ninapokuomba utumie muda mrefu zaidi. Barabara haibadiliki jina yenyewe. Kuna aliyependekeza, kuna walioridhia, kuna aliyetangaza, na kuna aliyefunua kibao siku ya uzinduzi. Watu hawa wanne wanaweza kuwa mtu mmoja, lakini mara nyingi ni wanne kweli, na mazoea ya vijiweni huwajumlisha wote katika yule aliyekata utepe kwa kuwa ndiye aliyepigwa picha. Mwanasiasa aliyesababisha mabadiliko anaweza kuwa diwani ambaye jina lake limo katika muhtasari mmoja tu wa kikao, na huyo ndiye unayemtafuta.

Ili ujue muhtasari huo uko wapi, lazima ujue mji ulikuwa ukitawaliwa na nani mwaka huo. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na hadhi ya jiji Desemba 1961. Mfumo wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972 ukaziondoa halmashauri, na halmashauri za miji hazikurudi hadi mwaka 1978. Kwa hiyo ikiwa jedwali lako linaonyesha kwamba jina lilibadilika kati ya miaka hiyo, usipoteze siku ukitafuta muhtasari wa baraza la madiwani ambalo halikuwapo. Tafuta majalada ya mkoa na ya wizara, na magazeti ya chama na serikali. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ilivunjwa tena na Tume ya Jiji ikashika kazi hadi mwaka 2000, zilipozaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa hizo ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kila mara chombo kimoja kilipovunjwa, majalada yalihama, na baadhi yalibaki katika ofisi ambayo hungetarajia. Mtumishi anapokuambia kwamba jalada halipo, muulize kwa upole lilikabidhiwa kwa nani mwaka ule wa mabadiliko. Swali hilo moja limenifungulia milango mingi kuliko barua za utambulisho.

Majalada ya zamani zaidi, yakiwamo ya Wajerumani na ya Waingereza, yako katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye ofisi Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Nenda na kitambulisho na barua inayoeleza utafiti wako, uliza masharti kabla ya siku ya kazi, na mwombe mhifadhi akuonyeshe orodha za majalada ya mipango miji, ya manispaa na ya kazi za umma, kwa sababu barabara hazina jalada lenye jina la historia ya barabara. Habari zake zimetawanyika katika majalada ya taa, mitaro, viwanja na malalamiko ya wakazi. Malalamiko yasikupite. Mkazi aliyeandika mwaka fulani kulalamikia vumbi hutaja barabara kwa jina alilolitumia yeye na jirani zake, na hilo ndilo jina la kweli la siku ile.

Kwa mabadiliko ya miaka ya karibuni, njia ni nyepesi kidogo. Mapendekezo ya majina hutakiwa kuanzia kwa wananchi katika mkutano wa mtaa, yapite kwenye kata, na yaishie katika baraza la madiwani. Anza basi kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha umwone diwani, kisha umwandikie mkurugenzi wa halmashauri. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyofanyika kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, ilizipa majina barabara nyingi ambazo hazikuwa nayo, na kazi hiyo ilifanyika kwa haraka. Kama barabara yako ilipata jina wakati huo, waliohudhuria mkutano wa mtaa bado wapo na wanakumbuka. Waulize sasa.

Ukiombea taarifa ofisini, fanya kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka kwa mamlaka ya umma, na inamtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Taja jina la barabara la sasa na la zamani, miaka unayoishuku, na aina ya waraka unaoutaka, kwa mfano muhtasari wa kikao cha baraza la madiwani au barua ya kuridhia jina. Ombi lenye maneno ya jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla. Angalia pia nani anaihudumia barabara hiyo: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, na barabara za wilaya na mijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Vyombo hivi huweka vibao na vina ramani zake, na si ajabu ramani hizo zikatumia jina tofauti na lile la halmashauri.

Sasa mwanasiasa

Ukishajua jina lilibadilishwa lini na na nani, maisha ya mwanasiasa yataanza kujipanga yenyewe, kwa sababu utajua ni sehemu gani ya maisha hayo waliobadilisha jina walikuwa wakiitazama. Usiandike wasifu kamili. Andika yale yanayojibu swali moja: kwa nini mtu huyu, hapa, wakati ule?

Tumjaribu Bibi Titi Mohamed kwa swali hilo. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na kabla ya siasa alijulikana mjini kwa uimbaji katika ngoma za wanawake. TANU ilipoanzishwa Julai 1954 alikuwa miongoni mwa waliojiunga mapema, na mwaka 1955 alipewa kuongoza upande wa wanawake. Alivitumia vikundi vile vile vya ngoma kuwafikia wenzake, na kwa miezi michache maelfu ya wanawake wa mji huu walikuwa na kadi za chama. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake, UWT, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kwa hiyo Mtaa wa UWT ulipoitwa Bibi Titi Mohamed, jina la jumuiya lilibadilishwa kwa jina la mwanamke aliyekuwa wa kwanza kuiongoza. Mwandishi aliyeanza na wasifu wake, bila kulijua jina la awali la barabara, jambo hili lingempita, nami naliona kuwa ndilo kiini cha historia ya barabara ile.

Kisha yapo magumu, na hayarukwi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kupangisha nyumba, Bibi Titi alijiondoa katika uongozi wa chama. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais Nyerere, akaishi miaka mingi kimya, na alifariki Novemba 2000. Jina lake kwenye kibao maana yake ni kwamba kati ya hukumu ile na siku kibao kiliposimikwa, kuna watu waliamua kwamba mchango wake ni mkubwa kuliko kosa alilohukumiwa nalo. Uamuzi huo ni tukio la kihistoria kwa haki yake, na una waandishi wake. Wapo wanaoona kwamba kumtaja Bibi Titi pamoja na kesi ya uhaini ni kumvunjia heshima. Nami naona kuificha kesi ndiko kunakoivunja heshima hiyo, kwa sababu kunamfanya msomaji adhani kwamba barabara ilitolewa kirahisi kama nyingine yoyote.

Kuna makosa mawili ya kuchunga unapofika kwa mwanasiasa wako. La kwanza ni kudhani kwamba jina hutolewa baada ya kifo. Mzee Mwinyi aliishi miaka mingi huku magari yakipita juu ya barabara yenye jina lake, hadi alipofariki Februari 2024, na Obama alikuwa bado madarakani Ocean Road ilipobadilishwa. Tarehe ya kifo basi haikuthibitishii lolote mpaka uione karatasi. La pili ni majina yanayorudiwa katika ukoo. Mtaa wa Kipata, Kariakoo, uliitwa Kleist Sykes kwa heshima ya mmoja wa walioasisi mwaka 1929 African Association, chama kilichoitangulia TANU; alifariki mwaka 1949. Mjukuu wake mwenye jina hilo hilo alikuja kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam miaka ya 2000. Mtafiti asiye makini anaweza kulisoma jina la meya katika waraka na kuandika kwamba alijipa mtaa, na kwa sentensi hiyo moja akawa amemdhulumu mjukuu na kumfuta babu. Kila unapolikuta jina, andika pembeni yake mwaka na cheo.

Ukikaa na wazee

Karatasi hazisemi watu walilipokeaje jina jipya. Hilo wanalijua wazee. Usimwulize mzee jina lilibadilika mwaka gani, kwa kuwa atakupa mwaka ili asikuvunje moyo. Mwulize alikuwa akifanya kazi wapi wakati huo, kama mtoto wake wa kwanza alikuwa ameanza shule, kama ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Kagera, au kabla ya kifo cha Sokoine, Aprili 1984. Majibu hayo utayapanga mwenyewe kwenye jedwali. Ongea na wanawake pia, hasa mabibi waliokuwa na biashara ndogo kando ya barabara, maana mara nyingi mtafiti huishia barazani kwa wazee wa kiume na kuondoka akiamini amemaliza. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti, mweleze utaitumia wapi, na akikuambia jambo fulani lisiandikwe, funga kalamu.

Mahojiano yakipingana na karatasi, usikimbilie kuisadiki karatasi. Inawezekana kikao kiliridhia jina mwaka mmoja na kibao kikawekwa miaka mitatu baadaye; karatasi inakumbuka kikao, mzee anakumbuka kibao, na wote wawili wanasema kweli.

Kuandika

Andika kwa mfuatano ule ule uliotafitia: mahali, majina, uamuzi, mtu, kisha mapokezi ya wakazi. Kila dai liwe na chanzo chake ndani ya maandishi yenyewe, kwa maneno ya kawaida, kwa mfano: kwa mujibu wa tangazo la duka katika gazeti la mwaka fulani. Panapotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, sema kwamba ni kumbukumbu ya mtu mmoja. Eleza jina jipya linaanzia njia panda ipi na kuishia ipi, kwa sababu majina mengi hubeba sehemu tu ya barabara ndefu, na wakazi wa sehemu iliyobaki hukasirika kwa haki wanapoambiwa wanakaa mahali ambapo hawakai. Tumia jina la wakati unaousimulia: usiandike kwamba TANU ilikuwa na ofisi Mtaa wa Lumumba mwaka 1954, wakati mtaa huo ulikuwa New Street na Lumumba mwenyewe alikuwa hai, hajulikani bado nje ya Kongo.

Rasimu ikiwa tayari, irudishe mtaani kabla ya kuichapisha popote. Isome kwa sauti mbele ya wale waliokusimulia, kwa kuwa si wote wenye macho ya kusoma maandishi madogo, na acha daftari wazi wakati wa kusoma. Watakurekebisha majina ya maduka, watabishana kuhusu mti uliokuwa pale kona, na huenda mmoja akatoa sandukuni picha ambayo hakuitaja siku ya kwanza, ikiwa na kibao cha zamani nyuma ya bwana na bibi harusi. Nakala moja ya kazi iliyokamilika ikabidhi ofisi ya serikali ya mtaa, nyingine maktaba, na juu ya kila nakala andika tarehe uliyoimaliza.